Adabu Iliyotoka Muyinga

Binti yangu alifukuzwa shule akiwa wa kwanza darasani. Nikiwasimulia wageni wanadhani nawatania, lakini kwetu Burundi ndivyo ilivyo: mwanafunzi ana alama za masomo, na pembeni ana alama za tabia, tunaziita konduite. Hizo za tabia zikishuka chini ya nusu, hata uwe umewashinda shule nzima kwa hesabu, unafunga mkoba unaenda kwenu. Wangu alikuwa akiongoza darasa tangu mdogo. Alipomaliza la saba, hapa Gitega, alipata alama nzuri kuliko wote na konduite ya aibu, wakanirudishia.

Kosa lake lilikuwa mdomo. Hakuiba, hakupigana, hakutoroka. Alikuwa anasema anachokiona. Mwalimu wa historia akikosea, alimkosoa mbele ya darasa. Kulikuwa na msichana mmoja kutoka Ryansoro, anaishi kwa shangazi yake hapa mjini ili asome. Siku alipopata sifuri ya hesabu, wangu alimwambia sifuri hiyo imemkaa vizuri kuliko nguo ya sikukuu. Walimu wakamwita aombe msamaha. Akawauliza aombe msamaha wa nini, wakati alichosema ni kweli. Direkta, mkuu wa shule, alinisimulia hayo akitegemea nitainamisha kichwa, na mimi nilikuwa nabana kicheko. Mdomo ule ni wa kwangu, nilimnyonyesha pamoja na maziwa. Mimi nashona nguo soko la Gitega, na pale mwanamke asiye na mdomo wanamtafuna mzima mzima.

"Mama, mtoto huyu iko na akili nyingi," direkta akasema. "Lakini akili bila indero itamwangusha."

Indero ni neno la Kirundi, ni malezi. Nikamjibu kwamba malezi niliyompa mimi yanamtosha, wao wafundishe hesabu. Nikaondoka na kitambaa changu kimekaa sawa kichwani. Nilipofika getini ndipo nikainamisha kichwa, maana nilijua hapa mjini hakuna shule itakayompokea na konduite ile.

Iliyokubali kumpokea ilikuwa moja tu, nayo iko Muyinga, na mwalimu aliyemwombea nafasi alikuwa mke wa mume wangu.

Niseme vizuri: mume aliyekuwa wangu. Tuliachana bila kelele nyingi. Yeye akahamia Muyinga kwa biashara ya mchele unaoingia kupitia mpaka wa Kobero, na huko akaoa mwalimu aliyekulia Tanzania. Mwanamke mwembamba, sauti ya chini, Kiswahili kimepigwa pasi. Mi nasema "iko" kwa mtu na kwa sufuria, kama watu wote wa kwetu. Yeye kila neno analivalisha nguo yake. Hakuninyang'anya mume, haki yake nampa, alimkuta peke yake. Lakini sikuwahi kumpenda, na sikuona kwa nini nijilazimishe.

Direkta wa Gitega alikuwa ameniachia mlango mmoja. Mtoto asome la nane mahali pengine, akirudi na konduite nzuri atampokea kwa la tisa, darasa la mtihani wa taifa. Sasa tazama mtego huo. Ili mwanangu arudi kwangu, ilibidi yule mwanamke afaulu. Amfundishe yale niliyoambiwa mimi sikumfundisha, tena afaulu vizuri, ndipo nimpate.

Mtoto akaenda. Kule akawa anamwita mama mdogo, kama inavyotakiwa. Mke wa baba ni mama mdogo, huo si uzushi. Jirani yangu wa sokoni, anayeuza vitenge meza inayofuata, aliposikia akasema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Alisema hivyo huku anakunja vitenge, kama mtu anayezungumzia mvua.

"Ulimwengu wenyewe unalala na baba yake," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakaa chini. Mi sikucheka.

Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa napiga simu. Za mwanzo zilikuwa tamu. "Mama, huku wamenikalisha na msichana hajui hata kugawanya." Akanieleza utaratibu wa mama yake mdogo darasani. Alama za tabia hapewi mtoto mmoja, wanapewa wawili wa dawati moja. Ukimcheka mwenzako, mnakatwa wote wawili. Ukimaliza zoezi na mwenzako hajaelewa, hujamaliza, kaa umweleze. Mwenzako akichelewa, na wewe umechelewa, kwa hiyo asubuhi unapita kwao kumwita.

"Hiyo ni shule au ni ndoa?" nikamuuliza.

Tukacheka pamoja, mimi Gitega, yeye Muyinga. Nilimwambia avumilie, mwaka si mrefu. Nililala vizuri siku ile, kwa kuwa niliona yule mwalimu na ujanja wake wa madawati hatafika popote na mtoto wangu.

Kisha simu zikabadilika. Kwanza ikaja "mama mdogo amesema". Mama mdogo amesema tusinyooshe mkono kabla mwenzetu hajapata muda wa kufikiri. Mama mdogo amesema hakuna mjinga, kuna ambaye hajaelezwa akaelewa. Nikamwambia mama mdogo aje sokoni kwetu, nitamwonyesha wajinga walioelezwa kwa lugha tatu. Zamani angecheka. Sasa akauliza tu, "Mgongo wako unaendeleaje, mama?"

Maisha yake yote mtoto yule hajawahi kuniuliza habari za mgongo. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilikaa na simu mkononi nikijiuliza ni nani amemwambia aniulize. Nilimwona yule mwanamke amekaa pembeni yake kwenye mkeka, anamnong'oneza: muulize mama yako mgongo. Wivu ulinipanda, na nasema wivu kwa sababu ndilo jina lake. Wenye aibu wauite uchovu.

Jioni moja alinipa habari za yule mwenzake wa dawati. Amepata kumi na mbili juu ya ishirini ya hesabu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alisimulia kwa pumzi za haraka, sauti inaruka. Nikamuuliza, na wewe? Akasema yeye alipata kumi na saba. Yeye, ambaye kumi na tisa ilikuwa inamliza.

"Kwa nini kumi na saba?"

"Nilikosea, mama. Haidhuru."

Haidhuru. Nilipokata simu nikamwambia jirani wa vitenge: mtoto wangu wanamwua akili kule. Alichotoka nacho kwangu, ule moto, wanaumwagia maji taratibu, na watu wanaita adabu. Jirani akaniuliza kama nataka arudi na konduite mbaya ili nishinde. Nikamwambia aangalie vitenge vyake. Lakini alikuwa amenishika pabaya. Nilitaka mwanangu apate alama nzuri za tabia, na nilitaka zisiwe kazi ya yule mwanamke. Usiku na mchana nilikuwa nageuza jambo hilo na sikupata jinsi ya kulifanya.

Mwisho wa mwaka ukafika, na siku ya kusomwa matokeo, proklamasyo, nikaenda Muyinga mwenyewe. Nilipanda gari ya alfajiri inayopitia Karusi. Nilivaa gauni nililojishonea kwa ajili ya siku hiyo, rangi ya zafarani, na kilemba chake. Nilitaka wanione. Nilikuwa na hoja zangu nimezipanga: nitamchukua mtoto wangu leo hii, wakiniletea maneno nitayajibu, na mtoto mwenyewe akisema hataki, hapo ndipo nilikuwa sina jibu. Hilo ndilo nililoliogopa njia nzima. Kwamba atanitazama kwa macho yale yale asiyoyaficha, aseme: mi nabaki.

Proklamasyo kwetu inafanyika uani, watoto wamepanga mistari, wazazi kwenye mabenchi, direkta na kipaza sauti kinachokohoa. Anaanza na wa kwanza wa kila darasa, anashuka. Mtoto akiitwa, mama yake anainuka na kupiga vigelegele, na ndugu wanamfuata. Mimi kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, mwili wangu umeizoea. Direkta aliposema, "Darasa la nane, wa kwanza," sikungoja jina. Nikasimama na zafarani yangu, nikavipiga vigelegele vya kuamsha mtaa.

Jina lililofuata lilikuwa la mvulana wa watu.

Nilikuwa nimesimama peke yangu. Mabenchi yote yamenigeukia. Mama wa yule mvulana, mwanamke wa shambani mwenye udongo wa jembe la jana bado mikononi, ananitazama akijiuliza mimi ni nani kwao. Kukaa nilishindwa, na kuendelea nilishindwa.

Ndipo nikasikia vigelegele upande wangu wa kushoto. Yule mwanamke alikuwa ameinuka kutoka kwenye viti vya walimu, amekuja kusimama bega kwa bega na mimi, anampigia yule mvulana vigelegele kama vile tulipatana jana. Ana sauti ndogo, haikufika mbali. Lakini wazazi wengine wakafuata, mama wa mvulana akafuata, ua wote ukawaka, na ikaonekana mimi ni mgeni mwenye moyo mkunjufu niliyeanza kumshangilia mtoto wa mwenzangu. Kisha akanigusa kiwiko, tukakaa.

Ningeweza kumsamehe kunicheka. Angenicheka tungekuwa sawa. Lakini alinisitiri mbele za watu, kimya kimya, bila hata kunitazama usoni, na tangu siku ile nina deni la sitara kwa mtu nisiyempenda.

Binti yangu aliitwa wa tatu. Nikamtafuta kwa macho nione kama analia. Alikuwa anacheka, na mkono wake umeshikwa na msichana mfupi mwenye meno ya mbele yaliyoachana, nikajua ndiye yule wa dawati. Direkta akasoma na konduite: wote wawili walipata alama ya juu kabisa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mikono ilikuwa inaniuma.

Nyumbani kwa baba yake aliniletea maji ya kunawa. Akapiga goti. Akasema, "Shikamoo, mama."

Kwetu hatusemi shikamoo. Hiyo ni ya Tanzania, imekuja na mwanamke yule ndani ya sanduku lake. Jibu lake nalijua, kila mtu analijua, lakini halikutoka. Nilisema tu, "Eeh." Akanimwagia maji polepole, akangoja nimalize, akanipa kitambaa. Wakati wa kula alimgawia baba yake, akanigawia mimi, akamgawia mama yake mdogo, akabaki wa mwisho na ndizi zilizovunjika. Baba yake akanitazama kama mfanyabiashara anayeonyesha mzigo mzuri. Nikamwambia maharage hayana chumvi. Yalikuwa nayo.

Baada ya chakula nilimfuata yule mwanamke jikoni. Alikuwa anaosha sahani.

"Nimekuja kuchukua mtoto wangu," nikamwambia.

"Najua, dada. Nimeshamwambia afunge mizigo."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya nusu saa, akaninyang'anya kwa sentensi moja.

"Na yeye iko amesema nini?"

"Amesema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu."

Hakugeuka. Alikuwa anaisugua sahani ambayo ilishatakata. Nikaona mabega yake, na nikaelewa kwamba naye anaumia, kwamba mtoto huyu ameingia ndani kwake zaidi ya darasani, na badala ya huruma nikapata njaa ya kumchoma. Nikasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Yeye hajajaaliwa kuzaa. Nilijua hilo, na ndiyo sababu nililichagua.

Akaiweka sahani juu ya nyingine. "Ni kweli, dada," akasema. "Ndiyo maana nimemwambia aende."

Hakutusindikiza hadi kwenye gari. Aliagana na mtoto mlangoni, akamrekebishia kola, akaingia ndani. Binti yangu hakulia. Nilimkodolea macho tangu Muyinga mpaka Karusi nikisubiri chozi moja nipate kulikasirikia, na hakunipa. Aliniuliza tu kama upepo wa dirishani unanisumbua.

Hapa Gitega alikuwa gumzo la mtaa kabla mwezi haujaisha. Anawasalimu wazee kwanza. Anamchotea maji bibi wa nyumba ya nyuma, ambaye zamani alikuwa anamwigiza anavyochechemea. Wiki ya kwanza tu ya shule alimtafuta yule msichana wa Ryansoro, akamwomba msamaha kwa lile la sifuri, na sasa wanakaa dawati moja kwa ombi lake mwenyewe. Direkta aliniita ofisini akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mama, umefanya kazi," akasema. "Umerera mtoto." Kurera ni kulea, kwa Kirundi. Wanawake wa sokoni nao hivyo hivyo, eti niwape siri. Nikasema asante. Kila mara nilisema asante, kama mtu aliyeletewa sahani ya jirani kwa makosa, akaila.

Lakini ndani ya nyumba nilikuwa namtafuta mtoto wangu na simpati. Siku moja nilishona gauni la mteja nikageuza mikono, wa kulia nikauweka kushoto. Mtoto wangu wa zamani angesema mbele ya mteja, mama, umevaa macho ya nani leo? Na mimi ningemtupia kipande cha chaki, tungecheka. Huyu alingoja mteja aondoke, akanijia polepole, akasema, "Mama, naomba utazame mkono huu." Nilimfokea. Nilimwambia aseme moja kwa moja kama binadamu. Akaniomba radhi, na akachukua mkasi kunisaidia kufumua.

Jioni yake tulikaa uani tunachambua lengalenga, mchicha wa kwetu. Sufuria ya maharage iko jikoni, redio ya jirani inasoma habari. Alikuwa anatupa majani yenye matundu upande mmoja, mazuri upande mwingine, na uso wake ulikuwa umetulia, uso ambao siwezi kuusoma tena. Nikaona nikimeza tena jambo hili litanitia ugonjwa.

"Nikuulize kitu," nikasema. "Siku ile ya Muyinga ungeulizwa wewe, ungekuja au ungebaki kule?"

Akaendelea kuchambua.

"Niambie kama zamani. Hata iwe mbaya. Sitakasirika."

"Naomba usiniulize hilo, mama."

"Kwa nini?"

Mikono yake ikasimama juu ya mboga. Alisema kwa upole, macho yake chini, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyozungumza na mama yake.

"Kwa sababu nimefundishwa nisikudanganye, na nimefundishwa nisikuumize."

Nikavuta lengalenga upande wangu. Tukachambua mpaka zikaisha.